Moshi wa Siku Tatu

Sura ya Sita

Mkaguzi Raya Chanzi alikuwa amekwisha kuizunguka ofisi ya kijiji mara kumi na moja kabla Koplo Ahmadi hajamwambia, kwa adabu zote za kijeshi, kwamba sakafu ile ni ya udongo na akiendelea hivyo itatoboka.

"Kaa wewe," Raya akamjibu. "Mimi nikikaa naganda."

Hakuwa akitania sana. Kipupwe kiliingia Kizunga, kijiji cha mlimani, mwisho wa Mei, na sasa ilikuwa katikati ya Julai, na kwa siku zote hizo jua lilikuwa limetoka mara nne. Mtendaji wa kijiji alikuwa amezihesabu. Ukungu ulishuka kutoka kileleni alfajiri, ukakaa juu ya mapaa mchana kutwa bila haya, na jioni ukageuka manyunyu. Watu walihamia jikoni. Walipika humo, walianika nguo humo kwenye uchaga juu ya moto, waligombana humo na kupatana humo. Raya alizaliwa Morogoro mjini, mtu wa joto na feni, na chini ya koti la polisi alikuwa amevaa sweta mbili, lakini meno bado yalimgongana.

Kwenye benchi mbele yao alikaa Happiness, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitenge amejitanda mpaka kidevuni. Alikuwa mjane wa Joseph, mtoto pekee wa Bi Yustina Mkude. Joseph alikufa miaka minne iliyopita, na mkewe akabaki mlimani kumtunza mama mkwe. Jana, Ijumaa asubuhi, Bi Yustina alikutwa amekufa kitandani mwake, na kabla ya saa sita mchana mgambo walikuwa wamemfungia Happiness katika chumba hiki.

Nje, sauti za wanaume zilikuwa zikipanda na kushuka. Maziko yalipangwa saa nane. Baada ya maziko, mtendaji alimnong'oneza Raya, hawezi kuahidi kitakachoipata nyumba ya yule binti. Vijana wawili walikwisha kuonekana na kidumu cha petroli. Na kama nyumba ingesalimika, mwenyewe asingesalimika: kesi ya mauaji haina dhamana, na mtu anaweza kukaa mahabusu miaka akisubiri tu kuitwa jina lake. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Nieleze tena," Raya alisema. "Uji."

"Nimeshaeleza mara tatu, afande."

"Ya nne ndiyo nitakayoiandika."

Happiness akapandisha pumzi. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza kulia. "Jumanne mchana, baba mkwe akiwa safarini, tuligombana mimi na mama. Kijiji kizima walisikia, sitaficha. Alisema Jumapili hii atawaita wazee wa ukoo awaambie kuwa shamba la chini, lile la kabichi, nibaki nalo mimi hata yeye akifa. Nikamwambia, mama, usiniletee balaa. Ardhi hii ni ya lukolo lenu, ukoo wa kina mama, mimi si wa lukolo lenu. Akakasirika. Akaniambia nisimfundishe la kufanya na shamba la mama yake. Akafunga mlango."

"Halafu?"

"Jumatano asubuhi nikampelekea uji. Mlango umefungwa. Nikajua bado kanuna, mama akinuna huwa siku tatu nne. Nikauweka kizingitini. Jioni nikakuta bakuli tupu, limeoshwa. Alhamisi vivyo hivyo. Na moshi ulikuwa unatoka, sasa ningevunja mlango kwa nini?"

"Hukumwona kwa macho tangu Jumanne."

"Sikumwona."

Raya akamgeukia Ahmadi, ambaye alikuwa ameshika maelezo yaliyochukuliwa na mtendaji jana. "Soma ya kaka mtu."

Castory Mkude, umri miaka sitini na nane, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, alikuwa ameeleza kwa kirefu. Ahmadi akasoma kwa sauti ya darasani: "'Dada yangu alikuwa mzima hadi Alhamisi jioni, moshi wake tuliuona sote. Ni huyu mwanamke pekee aliyekuwa anampa chakula. Amemtilia sumu kwenye uji, dada yangu akaanguka pale motoni asiweze hata kuniita. Anataka shamba.' Mwisho wa kunukuu."

"Na mganga wa zahanati anasema nini?"

Ahmadi alikunja uso. Habari ile ndiyo iliyowafanya waendeshe gari kwenye matope tangu alfajiri. Mganga alikuwa amemchunguza marehemu jana jioni. Sumu hakuona dalili yake, ila chini ya kilemba, nyuma ya kichwa, kulikuwa na jeraha la kuvunjika, na mtu alikuwa ameliosha. Tena mwili ule, alisema, haukuwa wa mtu aliyekufa usiku wa kuamkia Ijumaa. Pamoja na baridi yote ya Kizunga, ulikuwa umelala hapo siku mbili na zaidi. Labda tatu.

"Kwa hiyo Alhamisi jioni," alisema Raya, "maiti alikunywa uji, akaosha bakuli, akachochea moto."

Happiness akajishika mdomo. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Twende tukaone hilo jiko," Raya alisema, na alikuwa mlangoni kabla Ahmadi hajafunga faili.

*

Nyumba ya Bi Yustina ilikuwa ya vyumba viwili, ya matofali ya kuchoma na paa la bati, imeegemea mteremko. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa jiko. Cha nyuma ndicho cha kulala, chenye kidirisha kimoja kilichozibwa kwa gunia. Maiti alikuwa amehamishiwa kanisani. Wanawake walitaka kuingia kufagia, mtendaji akawazuia, na kwa hilo Raya alimshukuru kimoyomoyo.

Moto ulikuwa umekufa. Mafiga matatu yalikaa kwenye jivu baridi. Raya alichuchumaa, akalichokoa jivu kwa kijiti, akainuka, akazunguka chumba, akarudi, akachuchumaa tena. Kwenye figa la upande wa mlango, mahali palipochongoka, palikuwa pamesuguliwa mpaka jiwe likawa jeupe. Mawe mengine mawili yalikuwa na masizi ya miaka.

"Hapa pameoshwa," alisema. "Nani anaosha figa?"

"Hakuna," alijibu mtendaji, naye akalitazama jiwe kwa mashaka.

Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa miti, mweusi kwa moshi. Mahindi ya mbegu yalining'inia hapo pamoja na fungu la kuni, kanga mbili, na suruali moja ya jinzi yenye kiraka kwenye goti. Pindo za chini za suruali zilikuwa na matope yaliyokauka.

"Ahmadi. Wewe mrefu. Iguse."

"Kavu, afande."

"Usishike mguu. Minya kiunoni, kwenye mishono."

Ahmadi akaminya. "Kavu kabisa. Inakatika kama biskuti."

"Mtendaji, kwa hali hii ya hewa, jinzi iliyolowa inakauka siku ngapi hapa kwenu?"

Mtendaji alikuwa mtu wa makamo mwenye kikohozi. Akatafakari kwa makini, kama aliyeulizwa idadi ya wapigakura. "Juu ya moto, afande, siku mbili hivi, na moto uwe wa kweli. Bila moto, subiri Septemba."

"Na moto huu umezimika lini?"

"Jana alfajiri. Ndiyo sababu wakaja kumtazama. Huku juu kipupwe chote moto wa jikoni hauzimwi. Mwenye moshi yu mzima. Ukiona paa la jirani halitoi moshi asubuhi, unachukua kaa la moto kwenye kigae unampelekea, na hapo hapo unamjulia hali. Jana mama Veronika hakuona moshi, akaja na kaa lake, akamkuta."

"Kitandani?"

"Kitandani, amefunikwa blanketi vizuri."

Raya akasimama tuli. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa jambo la kushtua, na Ahmadi akalitambua. Halafu akatoka, akapiga simu kwa mgambo aliyebaki na Happiness, akauliza swali moja. Jibu lilikuja na mikwaruzo ya mtandao mbovu: mzee Benedikto, mume wa marehemu, aliondoka Jumatatu kwenda Dumila na magunia ya kabichi; alivaa suruali ya jinzi; anayo moja tu; kiraka cha goti alikishona Happiness mwenyewe.

"Na alisema amerudi lini?" Raya alimuuliza mtendaji.

"Jana mchana. Alipanda kwa miguu kutoka barabarani, akakuta watu wamejaa. Alianguka chini, tukamwagia maji."

"Jana mchana moto huu ulikuwa umekufa saa sita nzima, na suruali yake ilikuwa tayari inavunjika kama biskuti. Na matope yake hajayafua." Raya akaanza kushuka mteremko. "Mniitie huyo mzee. Msimwambie kitu."

*

Walimkalisha kwenye jiko la jirani, kwa kuwa ndipo penye moto. Mzee Benedikto alikuwa na miaka sabini na nne, mwembamba, mikono mikubwa ya mtu wa jembe. Raya akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Baba, pole na msiba."

"Tumeshapoa, mwanangu."

"Dumila mvua ilinyesha?"

"Dumila? Hakuna. Jua kali."

"Kwa hiyo ulilowa ulipopanda huku. Siku gani, baba?"

"Jana."

"Jumatano," alisema Raya, polepole. "Ulipanda Jumatano. Suruali yako imekauka siku mbili juu ya moto wa mke wako. Na uji wa Jumatano na wa Alhamisi umeula wewe. Sina haja ya kukuuliza kama ni kweli. Nataka kujua ulimkutaje."

Ahmadi alikuwa ameshika kalamu. Ilikuwa dhahiri kwamba mzee huyu alikuwa amechoka kusema uongo ambao hakuuzoea.

"Nilifika mchana," alisema. "Nikasukuma mlango. Moto umekufa. Yustina yuko chini, kichwa kwenye figa. Wa baridi. Nikamwita. Mke wangu wa ndoa ya miaka arobaini na tisa, nikamwita kama mtu aliyelala." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikamnyanyua nikamlaza kitandani. Nikamwosha kichwa. Nikaosha jiwe. Halafu nikawasha moto."

"Kwa nini hukupiga yowe?"

"Wewe ni wa mjini, mwanangu. Wa watu gani?"

"Mama yangu ni wa Mkuyuni, milima hii hii."

"Basi unajua nusu. Nyumba hii si yangu. Shamba si langu. Mimi nimekuja kuoa huku, kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Nimepanda kila mti unaouona, lakini mke akifa, tanga likiisha, wananipa jembe langu na blanketi na kuniambia, shemeji, asante, rudi kwa mama zako. Mama zangu wote wamekufa. Castory kaniambia kwa mdomo wake mwaka jana, siku dada akifumba macho, wewe unashuka." Akasogeza kijinga motoni. "Nikasema, moshi ukitoka, Yustina yu hai. Nikae naye siku hizi. Sikujua ni ngapi. Alhamisi usiku nikaona siwezi tena, ni dhambi. Ijumaa alfajiri nikatoka kabla hakujakucha, nikashuka mpaka barabarani, nikasubiri, nikapanda tena."

"Na walipomkamata Happiness?"

Mzee akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Nilinyamaza," alisema. "Mungu anisamehe. Nilinyamaza."

Raya alikasirika, na hakuficha hasira yake. Mtoto wa watu alikuwa amelala usiku kucha kwenye benchi la mbao akingoja kuchomewa nyumba, na mzee huyu angeweza kumtoa kwa neno moja. Akainuka, akatoka nje kwenye ukungu, akarudi.

"Angalau jambo moja limekwisha," alimwambia Ahmadi. "Uji ule umeliwa siku mbili, na mlaji huyu hapa anapumua mbele yetu. Hakuna sumu."

Ahmadi akamvuta kando, karibu na mlango. "Afande, si tumemaliza? Amekiri kuficha kifo, ameosha jeraha, ameosha jiwe, amedanganya safari. Mimi namtia pingu."

"Kama alimuua yeye, kwa nini akae naye? Angerudi Dumila akauze kabichi."

"Watu wana mambo yao."

"Wanayo. Mama alikuwa wapi, Ahmadi, mzee alipomkuta?"

"Chini. Kichwa kwenye figa."

"Na Ijumaa, kijiji kilipomkuta?"

"Kitandani."

"Nani mwingine anajua kuwa alianguka motoni?"

Ahmadi alifungua mdomo kujibu kwamba hakuna, kisha akaangalia faili lililokuwa kwapani mwake. Akalifungua polepole. Mstari aliousoma asubuhi kwa sauti ya darasani ulikuwa palepale: *dada yangu akaanguka pale motoni asiweze hata kuniita.*

"Inaweza kuwa maneno ya majonzi tu," alisema.

"Inaweza. Ndiyo maana sijatoka mbio. Jirani yule yuko wapi?"

*

Mama Veronika alikuwa mwenye jiko lile lile walilokaa, na alikuwa amesimama nje ya dirisha, akisingizia kupembua maharage. Alipoitwa aliingia na ungo wake.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema, halafu akauona mtandio wa Kiislamu kichwani mwa Raya. "Ah, samahani. Hamjambo."

"Hatujambo, mama. Shikamoo. Kutoka hapa unaliona paa la marehemu?"

"Marahaba. Ukungu ukiwa mzito silioni paa, lakini moshi nauona. Moshi ni mweupe kwa namna nyingine. Sisi tumezoea."

"Ijumaa alfajiri hukuuona."

"Sikuuona."

"Na Jumatano alfajiri?"

Mama Veronika akaacha kupembua. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za Jumatano. Kila mtu alikuwa na haraka ya Alhamisi.

"Jumatano pia haukuwepo," alisema. "Nikatia kaa kwenye kigae, nikatoka. Nikakutana na kaka yake pale kwenye migomba, Castory, anatoka huko. Nikamwambia, nampelekea Yustina moto. Akaniambia, rudi, mimi ndiyo natoka kwake, ana homa kidogo, amelala, usimwamshe. Basi nikarudi. Mchana nikauona moshi, nikasema, haya, ameamka."

"Hukumwambia mtu."

"Nimwambie nini? Mtu na dada yake." Akautua ungo. "Ila tangu siku hiyo Castory alinichosha. Jumatano jioni kaja hapa: 'Veronika, unauona moshi kwa dada?' Nauona. Alhamisi asubuhi tena: 'Unauona?' Nauona, bwana, kwani wewe huna macho? Alhamisi jioni tena. Na yeye kwake ni hatua mia moja tu kutoka pale. Nikamwambia, si uende ukamwone? Akasema atakwenda. Jana nilipokuta hakuna moshi nikampitia twende wote. Akaja, lakini alibaki uani. Hakuvuka kizingiti."

Raya alimtazama Ahmadi. Koplo alikuwa anaandika mbio, ulimi umetokeza pembeni.

"Kijiji kizima," Raya alisema, "waliuona moshi ule wakatulia. Mtu mmoja tu hakutulia."

*

Msiba ulikuwa uani kwa Castory. Wanaume walikaa kuzunguka gogo lililokuwa likiungua, makoti ya mitumba yamefungwa mpaka shingoni. Castory mwenyewe alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, mzee mnene mwenye nywele nyeupe, na Raya alipomwamkia aliitikia kwa ukubwa wote wa mtu mwenye mamlaka.

"Mwanangu, mmemwondoa yule mwanamke? Saa nane tunazika, sitaki fujo kwenye kaburi la dada."

"Nina swali moja, baba, halafu tutaondoka naye. Tungeweza kuongea kando."

"Niulize hapa hapa. Sina siri na watu wangu."

Raya akabaki amesimama, akaanza na alilokuwa amelikisia tu. "Jumanne jioni ulikwenda kwa dada yako kuongea habari za shamba la chini."

Watu wakageuza shingo. Castory akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. "Ni haki yangu kuongea."

"Ni haki yako. Jumatano alfajiri ulirudi. Mama Veronika alikukuta njiani na kaa la moto mkononi, ukamrudisha."

"Alikuwa amelala. Dada alikuwa amelala."

"Wapi?"

"Nini wapi?"

"Alikuwa amelala wapi, baba? Maana uliandikisha kwamba alianguka motoni. Kijiji kilimkuta kitandani. Waliomwona motoni ni wawili tu, na mmoja wao amekwisha kusema."

Gogo likapasuka, cheche zikaruka, na hakuna aliyesogeza mguu. Castory alitazama nyuso za watu wake, moja baada ya nyingine, akitafuta pa kushika. Alipozungumza hakuwa tena mkubwa wa ukoo.

"Sikumpiga," alisema. "Nilimsukuma tu. Aliniambia maneno, kwamba mimi nalilia ardhi ya wanawake. Nikamsukuma, akakaa chini. Nilidhani amekaa. Nikaondoka na hasira zangu. Asubuhi nikaona hakuna moshi. Nikaenda. Nikamwona kutoka mlangoni, yuko pale pale. Nikamwita mara tatu."

"Ukaingia?"

"Sikuingia." Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Lakini aliamka! Waulizeni wote. Mchana moshi ukatoka. Nilipiga magoti shambani, kwenye matope, nikamshukuru Mungu. Nikasema, kumbe alizimia tu, ameamka, amewasha moto wake. Siku mbili moshi ulitoka. Kwa hiyo si mimi. Mkono wangu haukumuua. Aliyemuua ni aliyekuja baadaye. Nani mwingine, kama si yule wa uji?"

Aliyasema kwa imani. Raya alikuwa amesikia wauaji wengi wakijitetea, na karibu wote walijua wanadanganya. Huyu hakujua. Alikuwa ameujenga usalama wake juu ya moshi, akamtupia mtu mwingine kifo, na usiku akalala. Raya alimwonea huruma kwa muda wa pumzi moja, kisha akamkumbuka Happiness kwenye benchi.

"Kama uliamini ameamka, kwa nini hukwenda kumwona?"

Castory akavuta koti lake shingoni.

Nyuma ya watu, kwenye ukingo wa ua, Benedikto alikuwa amesimama na kofia yake mkononi. Hakuitwa. Alikuja mwenyewe.

"Shemeji," alisema. "Moto ule niliwasha mimi."

Castory akageuka.

"Nilimkuta Jumatano mchana amekufa. Pale pale ulipomwacha. Moto wa siku zote zile ni mimi."

Mzee Castory alimtazama shemeji yake. Kisha akaanza kuinuka, akarudi kitini. Kilio kilichomtoka kilikuwa kile alichopaswa kulia Jumatano, na wanaume wazima waliangalia pembeni.

Ahmadi alitoa pingu.

*

Walimtoa Happiness ofisini saa saba na nusu. Mtendaji alifungua kufuli huku akiomba radhi kwa maneno mengi, na Happiness alimpita bila kumjibu. Raya alimweleza yote njiani kuelekea makaburini, kwa ufupi, ikiwemo habari ya Benedikto. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama mama aliteseka, na Raya akamwambia ukweli, kwamba hajui.

Kaburini kukatokea jambo ambalo polisi hawakulitarajia. Jeneza liliteremshwa, katekista akamaliza sala, na watu wakasimama. Hakuna aliyegusa udongo. Mzee mmoja alimsogelea Raya akamwambia kwa aibu kwamba udongo wa kwanza hutupwa na mkubwa wa lukolo. Pasipo yeye hawawezi kufukia.

Raya alitazama gari, ambako Castory alikuwa amekaa katikati ya mgambo wawili. Kanuni haikusema lolote kuhusu jambo hili. "Mleteni," alisema. "Pingu zibaki."

Castory alikuja akipiga hatua ndogondogo. Watu wakampisha. Akainama, akachota udongo mweusi wa Kizunga kwa mikono miwili iliyofungwa pamoja, akasimama juu ya shimo. Hakuutupa. Alisimama hivyo mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akageuka, akatembea na ule udongo, akasimama mbele ya Happiness.

"Yeye alitaka upewe wewe," alisema. "Chukua. Mbele ya watu wote nasema, chukua."

Kila aliyekuwepo alielewa kuwa kinachotolewa pale ni shamba la chini. Wanawake walishika vifua. Mama Veronika akasema amina kwa sauti. Jana na leo asubuhi watu hao hao walikuwa wamepiga kelele nje ya ofisi, na sasa walimtazama Happiness kwa macho ya kumbembeleza, kama wageni waliokosea mlango.

Happiness alikinga viganja, akapokea. Akaenda mpaka ukingoni.

"Lala, mama," alisema. "Hukunikosea kitu."

Akautupa wote. Kisha akapangusa mikono, kushoto kwa kulia, kulia kwa kushoto, mpaka hakuna chembe iliyobaki, akamgeukia Raya.

"Afande, kwenye gari lenu kuna nafasi moja?"

"Ipo. Unakwenda wapi?"

"Popote mnapoteremkia."

Mzee Benedikto akatoka katikati ya watu. "Mwanangu," alisema, "baki. Shamba ni lako sasa. Sote wawili tungebaki."

Happiness alimtazama mkwewe, aliyekula uji wake siku mbili na kunyamaza ya tatu. Hakumtukana. Alimsogelea, akapiga goti kama desturi inavyotaka, akamshika mkono kumuaga.

"Basi baki wewe, baba," alisema. "Lilime. Wakikuuliza ni la nani, waambie ni langu, na nimekuruhusu."

Akapanda gari, akakaa mbele karibu na dereva, na alipofunga mlango hakuna mtu wa Kizunga aliyekuwa na neno la kumzuia.